Sayari ya Qatar-1b, sauti yangu, na neno UONGO kwenye daftari la binti yangu

Wakuu, habari za Ijumaa.

Mimi huwa ni msomaji wa kimyakimya humu, mwaka wa tatu sasa, sijawahi kuanzisha uzi. Leo nimeanzisha kwa sababu nina hasira na sina pa kuipeleka. Mkiona herufi zimerukaruka mnivumilie.

Nitakayoyaandika yamenipata mimi mwenyewe. Pale ambapo sina uhakika nitasema sina uhakika. Mtaelewa mbele kwa nini nalisema hilo mapema.

Mimi ni Mkenya, mtu wa Voi, mlinzi hapa Doha. Nasimama lobby ya jengo moja la ofisi kule West Bay, saa kumi na mbili kwa siku, suti ya kampuni, redio kiunoni. Kazi ni kufungua mlango, kuandika wageni, na kutokaa chini.

Mwaka huu wenye jengo walileta maonyesho madogo ya mambo ya anga wakayaweka pale lobby. Kuna mpira mkubwa wa rangi ya kutu unaozunguka polepole, na kibao cha maelezo kwa Kiarabu na Kiingereza. Ule mpira ni mfano wa sayari inayoitwa Qatar-1b. Ndiyo, iko sayari yenye jina la nchi hii, nami sikujua mpaka nikapangiwa kusimama mbele yake.

Ukisimama mahali pamoja siku sita kwa wiki utasoma chochote kilicho mbele yako, hata maagizo ya kuzima moto. Kile kibao nilikisoma mpaka nikakijua kwa kichwa. Halafu nikaanza kutafuta mengine kwenye simu wakati wa break.

Nisikilizeni vizuri, hii sehemu ni ya kweli.

Mwanga wa nyota ya ile sayari unachukua kama miaka mia sita kutufikia. Sayari yenyewe imeikaribia nyota yake kupita kiasi, inaizunguka kwa takriban saa thelathini na nne tu. Huo ndio mwaka wao. Yaani mwaka ukianza Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nikiingia shift, Jumanne saa kumi jioni umeisha, na mimi bado nimesimama mlangoni.

Ni kubwa kuipita Jupita kidogo. Haina ardhi ya kukanyaga, ni gesi tupu. Joto lake linapita nyuzi elfu moja, kwa hiyo wale mnaolalamikia jua la Doha mtulie.

Na hakuna aliyeiona kama tunavyoona mwezi. Wanasayansi waliijua kwa sababu nyota yake hufifia kidogo, kama sehemu mbili kwa mia, kila baada ya zile saa thelathini na nne. Kitu kinapita mbele yake. Hilo mimi kama mlinzi nililielewa papo hapo. Hukumwona mtu, lakini umeona kivuli kimekata mwanga chini ya mlango, basi unajua kuna aliyepita.

Sasa kuna jambo la kazi yetu lazima niwaeleze, bila hilo hamtaijua hasira yangu inatoka wapi.

Walinzi tuna daftari la matukio, tunaliita OB. Kila kitu kinachotokea kwenye shift kinaandikwa humo. Aliyetufundisha kuliandika alikuwa Mganda mmoja mkali sana, na alikuwa na swali moja tu: "Wewe uliona? Kama hukuona, andika ni nani alikuambia."

Siku moja aliniandikisha ukurasa mzima upya kwa sababu nilikuwa nimeandika kwamba mgeni alikuwa amelewa. Akaniuliza nilimpima na nini. Ikabidi niandike kwamba mgeni aliyumba, akakaa kwenye chungu cha maua. Nilimchukia wiki nzima. Lakini ile tabia iliniingia damuni, na nikaipeleka mahali ambapo hata yeye hakutarajia.

Niliipeleka kwa binti yangu.

Anaitwa Wakesho, ana miaka kumi na moja, yuko Grade 6 kule Voi anakoishi na mama yake. Kila Ijumaa mimi nikiwa off tulikuwa tunatumiana voice notes. Sasa mtoto utamhadithia nini kuhusu kufungua mlango? Kwa hiyo nikamhadithia sayari.

Kila Ijumaa nilimpa kitu kimoja cha kweli na kimoja cha kubuni. Cha kweli nilikianza kwa kusema "imepimwa". Cha kubuni nilikianza kwa kusema "nasema tu". Sikuwahi kuruka. Mganda angenisifu.

Imepimwa: mwaka ni saa thelathini na nne. Nasema tu: kule kuna wachungaji wa upepo, watu wepesi wanaoelea juu ya mawingu, wanaswaga upepo kama babu yako anavyoswaga mbuzi. Nasema tu: kwa kuwa birthday inakuja kila baada ya siku moja na nusu, keki wamezikinai, wanaomba ugali.

Wakesho akapiga hesabu mwenyewe, akaniambia kwamba angezaliwa kule angekuwa sasa na miaka zaidi ya elfu mbili na mia nane. Akaniuliza kama bado angelazimishwa kulala mapema. Wakuu, nilicheka mpaka jamaa anayelala kitanda cha chini ya changu akagonga chuma kunitaka ninyamaze.

Akaanza kuyaandika kwenye daftari. Yaliyopimwa kwa wino wa bluu. Ya kubuni kwa wino wa kijani.

Ijumaa moja nikamwambia kwamba upande mmoja wa ile sayari unaitazama nyota siku zote, ni mchana usioisha, na upande wa pili ni giza tu. Akanirudishia: "Hiyo baba imepimwa?" Nikaenda kusoma tena. Kumbe wanasayansi wanatarajia iwe hivyo kwa sababu sayari iko karibu sana na nyota, lakini hawajaiona ikifanya hivyo. Nikamwambia ukweli huo. Akasema, "Basi hiyo naiandika kwa penseli. Wakihakikisha nitaipitisha bluu."

Miaka kumi na moja! Kuna watu wazima humu hawana akili hiyo, na wanajijua.

Sasa tunaingia kwenye uchafu.

Chumbani naishi na jamaa anaitwa Deno, mtu wa Kitale, mlinzi pia. Ana channel yake ya video, anapenda sana views. Alikuwa ananisikia nikirekodi. Siku moja akaniambia, "Buda, una sauti ya redio. Nipe hizo story niweke picha juu, Wakenya wazisikie."

Nitasema ukweli wangu wote: nilivimba kichwa. Mtu ambaye kutwa nzima hakuna anayemwangalia usoni akiambiwa ana sauti ya redio, anaamini. Nikamtumia voice notes kumi na moja. Nikamwambia kitu kimoja tu, aache maneno yangu yalivyo.

Hakuyaacha.

Alikata kila "nasema tu". Zote. Akaunganisha vipande, akaweka picha za mawingu mekundu na muziki wa kutisha, akaandika kwa herufi kubwa: MKENYA AFICHUA, SAYARI YA QATAR INA WATU. Na mimi ndani, kwa sauti yangu, nasema kama mtu aliyetoka kule jana kwamba kuna wachungaji wa upepo.

Mimi sikujua. Sina muda wa kufuatilia video. Nilijua kupitia kwa mke wangu, Jumatano, wakati wa break.

Akaniambia, "Baba Wakesho, mtoto amerudi kutoka shule hasemi."

Siku hiyo walikuwa na zoezi la kusimama mbele ya darasa na kueleza kitu walichojifunza wenyewe. Wakesho alienda na daftari lake. Kwa jalada ameandika Sayari ya Baba. Alianza na mwaka wa saa thelathini na nne. Mwalimu akamkatiza.

Ile video ilikuwa imeshafika mpaka kwenye group la walimu. Mwalimu alikuwa ameiona na kuicheka. Akamwambia mbele ya wote kwamba huo ni uongo wa mitandaoni na shule si mahali pa kuuleta. Wakesho akasema, "Lakini mwalimu, huyo anayeongea ni baba yangu."

Darasa zima likacheka. Mmoja akapaza sauti kwamba babake Wakesho ni muongo wa kimataifa.

Mwalimu akachukua daftari na kalamu nyekundu, akaandika UONGO kwenye kila ukurasa. Hakuuliza rangi zina maana gani. Aliandika juu ya kijani, akaandika juu ya bluu, akaandika hata juu ya penseli. Ile hesabu ya mtoto ya miaka elfu mbili na mia nane, hesabu sahihi kabisa, nayo ikapigwa UONGO.

Wakuu, nilikuwa nimesimama kwenye stoo ya wasafishaji na simu sikioni. Nilipiga teke ndoo ya kupigia deki, maji yakamwagika mpaka kwenye viatu vya kampuni. Sijutii ile ndoo.

Ijumaa ikafika. Nikamtumia Wakesho voice note. Ikasikilizwa. Hakujibu. Nikatuma ya pili, hakujibu. Mama yake akaniambia daftari limewekwa chini ya godoro. Hapo ndipo niliogopa. Views zipite, mwalimu apite, lakini mtoto akiacha kuniamini ilhali mimi niko huku na yeye kule, nabaki na nini? Sisi wa Gulf baba ni sauti tu. Sauti ikishaitwa uongo, baba hayupo.

Nikamwendea Deno. Alikuwa amelala chali, anahesabu likes.

Nikamwambia afute ile video sasa hivi nikiwa namwona. Akasema, "Buda, relax. Ukiweka zile 'nasema tu, nasema tu' watu wata-skip. Hawataki lecture, wanataka story."

Nikamwambia mwanangu amechekwa na darasa zima kwa sababu ya story yake. Akakaa. Angalau alikaa. Akafuta, "Khalas, nimetoa," lakini sote tunajua video ikishatoka imetoka, watu walikuwa wameshaitumiana.

Nilikuwa bado namfokea. Nilimwita mwongo, nikamwambia amechukua maneno ya mtu akang'oa ile sehemu inayoyafanya yawe ya haki. Nikamwambia mtu wa aina hiyo hafai kukabidhiwa hata kijiko.

Naye akaniangalia, akasema bila hata kupandisha sauti: "Na wewe mzae, si unaambianga mtoi wako unaishi West Bay? Hiyo nayo ulisemanga 'nasema tu'?"

Nilitaka kumpiga. Naandika hivi ilivyokuwa. Nilikunja ngumi, jamaa wa kitanda cha chini akasimama katikati yetu.

Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi za camp tunakolala wafanyakazi, jua la saa tisa linanichoma.

Mlioko huku mnajua picha za Ijumaa. Unavaa shati zuri, unashuka basi Corniche, unasimama na maghorofa ya West Bay nyuma yako, bahari kando, unatuma nyumbani. Kila mtu anafanya. Mimi nilifanya zaidi, nilikuwa napiga video call nikiwa pale pale, nikimwonyesha Wakesho, "Unaona lile la tatu? Hapo ndipo baba yuko."

Sikusema nalala pale. Sikusema pia silali pale. Mtoto akajaza mwenyewe, akaniuliza kama chumba changu kina dirisha la bahari, nami nikacheka nikasema, "Unaona mpaka meli." Hivyo tu. Miaka mitatu.

Nitarudi hapo. Kwanza mwalimu.

Nilimpigia Jumamosi mchana. Nilijieleza kwa adabu, nikamtumia picha ya kile kibao cha lobby, nikamweleza rangi tatu za daftari. Akaniambia, "Baba Wakesho, mtoto angeweka marejeo." Marejeo! Grade 6! Nikamuuliza yeye alitumia marejeo gani kuandika UONGO juu ya hesabu ya kugawanya. Akasema ataangalia.

Kuangalia kwenyewe kulikuwa hivi: alimwita Wakesho ofisini, akakata lile neno kwenye kurasa za bluu, akatia sahihi yake ndogo pembeni. Mbele ya darasa hajasema lolote mpaka leo. Kumcheka mtoto kulifanyika mbele ya watu arobaini, kumsafisha kukafanyika mlango ukiwa umefungwa. Hilo linanichoma mpaka sasa na sitaki mtu aje hapa kumtetea kwamba walimu wana kazi nyingi. Mimi pia nina kazi nyingi.

Haya. Wiki iliyopita Ijumaa simu ikalia. Ni picha, imetumwa kwa simu ya mama yake. Ukurasa mpya wa daftari, mwandiko wa Wakesho, umeandikwa kwa kalamu nyeusi, rangi ambayo hatukuwahi kuitumia.

Juu ameandika: Baba, hizi niziandike kwa rangi gani?

Chini yake: Baba anaishi kwenye ghorofa la tatu kutoka kushoto. Chumba cha baba kina dirisha la bahari. Baba ana chumba chake peke yake. Baba hasimami juani. Baba atakuja Desemba.

Basi. Hakuna salamu, hakuna emoji.

Niliisoma nikiwa kwenye basi la kampuni linalotupeleka mjini siku ya off. Hasira yote niliyokuwa nayo, ya Deno, ya mwalimu, ya wale watoto, ikageuka ikaja kukaa kwangu. Nilijichukia wakuu. Nimemfokea mtu kwa kukata maneno mawili, na mimi miaka mitatu sikuwahi hata kuyatamka. Nilikuwa mwaminifu kuhusu sayari ambayo hakuna atakayefika, nikamficha mtoto kitanda ninacholalia.

Nilishuka, nikatafuta kivuli kando ya basi lililokuwa linatungoja, nikarekodi. Nilimjibu kama ninayejaza OB.

Nimeona: silali West Bay. Nafanya kazi pale, mlangoni. Nalala camp, nje ya mji, saa nzima kwa basi. Nimeona: chumba kina watu sita, vitanda vya chuma vya juu na chini, mimi niko juu. Dirisha lipo moja, linatazama ukuta na mashine za AC. Meli sijawahi kuiona kutoka pale. Nimeona: wiki moja kwa mwezi napangwa geti la parking, nasimama juani, kuna kibanda na feni inayopuliza hewa ya moto.

Nikamwambia zile nne za mwanzo alizoniandikia zote ni za kijani, na kwamba zilipaswa kuwa za kijani tangu siku ya kwanza. Nikamwambia nilimdanganya kwa kunyamaza. Nikamwomba msamaha kwa jina lake lote.

Nilingoja kwa muda wa karibu saa mbili.

Akajibu kwa sauti, mara ya kwanza tangu ile Jumatano. Alisema ameandika ukurasa mpya kwa bluu: watu sita, kitanda cha juu, feni ya hewa ya moto. Kisha akauliza huyo wa kitanda cha chini anaitwa nani, na kama nami nakoroma. Halafu akasema, "Lakini baba, ya Desemba hujaijibu."

Na kweli sikuwa nimeijibu. Likizo niliomba, fomu iko ofisini, nimeambiwa "inshallah" mara nne na watu wanne tofauti. Zamani ningemwambia nakuja, mwanangu, nunua viatu vya kunipokea. Hiyo sentensi ilinifika mpaka kwenye ulimi.

Nikamwambia, "Hiyo iandike kwa penseli."

Akasema sawa. Akasema pia ataibonyeza penseli kidogo tu, ili isiache alama ikibidi kufutwa.

Sijalia mbele ya watu tangu nije huku. Siku hiyo nililia pale chini ya kivuli cha basi, na dereva akajifanya hanioni. Mungu ambariki.

Funzo langu ni fupi. Mnaowabunia watoto wenu mambo, bunini, ni matamu na wanayahitaji. Lakini waambieni ni ya kubuni. Na mlioko ughaibuni mnaopiga picha na maghorofa yasiyo yenu, najua kwa nini mnapiga, mimi ni mmoja wenu. Mtoto anayapima maneno yako na kuyaandika mahali.

Deno naye yupo kwenye kundi hili, najua atausoma uzi. Bado sijakusamehe. Hiyo ni ya bluu.

Karibuni mchangie. Aliyepitia kitu kama hiki aseme alichofanya, na anayejua namna ya kuisukuma fomu ya likizo aseme pia. Ombi moja tu: mkichangia, tajeni kama mmeona au mnasema tu.